Ceph kati ya Dodoma na Dar es Salaam: inafaa, ila ipime laini yako kwanza

Ceph ni programu huria ya kuhifadhi data kwenye seva nyingi kwa pamoja, haidai ada ya leseni. Kwa ofisi yenye seva Dodoma inayotaka nakala hai Dar es Salaam, tunaipendekeza, mradi yupo fundi anayeimudu. Tunachopima hapa ni uakisi, yaani kunakili kwenda kituo cha pili, wa RBD tu: diski pepe ambazo Ceph huzipa mashine pepe.

Njia ni mbili. Ya jaunali, iliyoingia 2016, huandika kila kitu kwanza kwenye jaunali (daftari la mabadiliko) ndipo kwenye diski. Nakala ya mbali haiachwi nyuma sana, lakini uandishi unakuwa mzito, tena keneli (kiini) ya Linux haifungui diski yenye jaunali. Ya snapshoti, yaani picha ya diski ilivyo kwa wakati fulani, ilikuja na toleo la Octopus, 2020: unapanga, tuseme, kila dakika 5, na kinachosafiri ni mabadiliko tu. Kwa umbali huu, kilomita 450 hivi kwa barabara, chukua snapshoti. Ila dakika 5 si ahadi. Dodoma ikizimika snapshoti ikiwa njiani, Dar inarudi kwenye ya mwisho iliyofika nzima. Hifadhidata nayo iweke kwenye diski moja. Ukiitenganisha na logi zake, snapshoti za diski hizo mbili huenda zisilingane.

Laini ndiyo inayoumbua watu. TB 1 ya kuanzia, kwenye laini ya megabiti 100 kwa sekunde isiyotumiwa na mwingine, huchukua saa 22 na ushee. Baada ya hapo, GB 20 zinazobadilika kila saa zinakula megabiti 45 hivi. Pima siku ya kufunga hesabu za mwezi, si Jumapili. Na laini mbili za mkongo zikifuata barabara ile ile ya Morogoro, katapila moja linazikata zote.

Kosa la ufungaji tunalolitarajia zaidi liko kwenye ukuta wa moto. Huduma ya rbd-mirror hukaa upande unaopokea na kuvuta data yenyewe, kwa hiyo lazima ifikie monita, huduma zinazosimamia klasta ya upande wa pili (bandari 3300 na 6789), na pia kila OSD, huduma inayotunza data kwenye diski halisi, kuanzia 6800 kwenda juu. Wengi hufungua za monita tu, kisha wanashangaa kwa nini nakala haisogei. Jina la puli, kundi ambamo diski za RBD hukaa, nalo liwe lile lile pande zote.

Kuhama kwa mpango ni rahisi: zima mashine pepe, shusha Dodoma kwa `demote` (diski zake ziache kuwa za asili), subiri Dar imalize kupokea, ipandishe kwa `promote`. Dodoma isipopatikana kabisa, unaipandisha Dar kwa nguvu, kwa kuongeza `--force`. Hapo ndipo pa kuwa na subira. Dodoma ikirudi, kila upande unajiona ndio wa asili. Itabidi uishushe Dodoma na kuiamuru `resync`, yaani diski inakopiwa upya, na zile saa 22 zinaweza kukurudia. Umeme ukikatika saa moja na genereta ikabeba, hiyo si sababu ya kutumia `--force`.

Na faili likifutwa Dodoma, Dar nako linafutika. Bakapu ya kawaida ibaki palepale.