Miwani ya polaraizi na ovaroli la mtoni: msimu mzima wa kuhesabu samoni

Wakuu, kuna ndugu aliniuliza anunue vifaa gani kabla hajaanza kujitolea kwenye kazi ya kuhesabu samoni, samaki wa bahari wanaorudi vijitoni kutaga, huku kaskazini mwa California, nikamwambia ngoja niandike maana kwa simu hatumalizi. Mi nimetembea msimu mmoja, Novemba mpaka Februari, kwenye vijito vya kaunti ya Marin vinavyomwaga maji kwenye ghuba ya Tomales Bay, upande wa Lagunitas na Olema, karibu kila wiki, tulikuwa tunaacha tu pale mvua imepiga mno na maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa huoni kitu.

Naanza na miwani ya polaraizi, ile inayokata mng'ao wa maji. Hela ikiwa ndogo nunua miwani kwanza, hayo mengine unaweza kuazima. Siku ya kwanza nilienda macho matupu, dada aliyekuwa anatuongoza akanionyesha kidole akasema kiota kile pale, mi naona mawingu na vivuli vya miti juu ya maji basi. Mtu wa Pangani kama mi nimezoea mto wa rangi ya udongo, kusoma chini ya mto sijawahi. Akavua miwani yake akanivalisha. Aisee, ule mng'ao wote juu ya maji ukaondoka, nikaona jiwe mojamoja, nikaona changarawe imeoshwa, nyeupe kuliko ya pembeni yake, mbele kuna shimo na nyuma yake, kule maji yanakoelekea, kuna kichuguu kirefu kama kaburi la mtoto. Mayai yako ndani ya kile kichuguu, na mguu wangu ulikuwa umebakiza hatua moja tu nikikanyage.

Hapo ndo ujue kwa nini nakazania miwani. Hawa samoni aina ya koho wa pwani ya kati ya California serikali ya Marekani iliwaweka kwenye orodha ya walio hatarini mwaka 1996, na 2005 ikawapandisha daraja kuwa wanaokaribia kutoweka kabisa. Jike anaweza kutaga mayai zaidi ya 2,000 afu anakufa, hana msimu wa pili, na kwa kawaida amekaa miaka 3 toka yai mpaka kurudi hapo. Kwa hiyo kukanyaga kiota sio bahati mbaya ndogo, unafuta miaka mitatu ya yule mama kwa buti moja.

Mi nilinunua ya dola 40, sio ya jina kubwa. Chukua kioo cha rangi ya kahawia au shaba, usichukue cheusi, maana huku unatembea chini ya miredwood, miti mirefu ya huku, mchana kama jioni na kioo cheusi kinazidisha giza. Na ufunge kamba shingoni, mwenzetu mmoja yake ilienda na mkondo tukiwa tunaangalia.

Sasa ovaroli, lile la kuingilia majini linalofika kifuani. Nilikuwa nalo jepesi la kitambaa kinachopumua na chini lina soksi za neoprini, yaani mpira laini mnene, buti unavaa juu yake. Kwa kutembea ni zuri sana, unapanda mto masaa matano huloi jasho, ila ndani vaa suruali mbili maana baridi inapenya. Tatizo langu lilikuja wiki ya tatu, mshono wa goti ukaanza kuvuja, maji ya Desemba yakawa yanashuka mpaka kwenye soksi. Duka nililonunua wakakataa kubadilisha, eti kupiga magoti kwenye mawe sio matumizi ya kawaida, na hilo liliniuma kweli kwa sababu kazi yenyewe ndo hiyo, ukikuta mzoga lazima upige goti. Nilipaka gundi ya kuzibia ikashika mpaka mwisho wa msimu. Kabla hujanunua angalia magoti yawe na kitambaa cha pili juu, na mkanda wa kiunoni usiuache nyumbani hata siku moja, ukianguka mkanda ndo unazuia ovaroli lisijae maji.

Buti: soli ya mpira. Ile ya felti, iliyo kama blanketi zito, haitelezi ni kweli, lakini inanyonya maji na kubeba vidudu toka kijito hiki mpaka kile, kuna konokono wadogo wa New Zealand wanaosambaa hivyohivyo. Sisi tukitoka tunasugua kwa brashi afu buti zinalala friza usiku mzima. Fimbo ya kupimia kina usinunue, mpini wa mopu wa zamani unatosha.

Kazi yenyewe: ukiona kiota unafunga utepe kwenye tawi na tarehe, wiki ijayo kisihesabiwe tena. Mzoga unapimwa toka puani mpaka kwenye panda ya mkia, unapitishiwa skana kuona kama kuna chipu ya utambulisho ndani, chipu yenyewe ni kama punje ya mchele. Wa kwanza niliyemshika alikuwa jike, fizi nyeupe kwenye mdomo mweusi, mwepesi kuliko nilivyotegemea, tumbo tupu. Nilimaliza kuandika namba zake nikabaki nimeinama pale muda. Tulimrudisha majini, kwa sababu mwili wake ni chakula cha kijito ambacho watoto wake watakaa zaidi ya mwaka kabla ya kwenda bahari.

Kwa jumla miwani naipa tano kwa tano, buti nne, ovaroli mbili na nusu.

Na kabla hujatoa hela yote, Desemba au Januari baada ya mvua maji yakitulia, nenda eneo la kutazamia samaki la Leo Cronin pale kwenye daraja la Shafter, barabara ya Sir Francis Drake, pako wazi kwa watu kutazama. Azima miwani kwa mtu, simama kimya juu ya ukingo. Dume utamjua kwa wekundu na mdomo uliopinda. Jike mwangalie mkiani, ukiona umechubuka mweupe, huyo keshachimba.