Mbao za samani: ipi ununue Mwanza, na kwa kazi gani
Kwa anayetaka kitanda au meza ya kudumu, ninauweka mninga mbele ya mbao zote. Mninga, unaotoka zaidi katika misitu ya miombo kama ile ya Tabora na Katavi, husinyaa kidogo sana unapokauka, kwa hiyo maungio hayaachii majira yanapobadilika, na mchwa huupata moyo wake kwa shida. Kagua kingo, kwa maana sehemu nyeupe ya nje haina kinga hiyo na wadudu huitoboa.

Wa pili ni mtiki wa mashamba kama Longuza na Mtibwa, ilimradi usiwe wa miti michanga yenye weupe mwingi. Mkongo ni mzito mno kwa kabati la kuhamishwa, lakini kwa mlango wa mbele unaopigwa na mvua itokayo ziwani, ningeuchagua kabla ya mninga. Paina ya Sao Hill inatosha kwa chaga na fremu za ndani.

Hata hivyo, ukavu una uzito kuliko jina, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoumia: mninga mbichi utakuangusha kuliko paina iliyokauka vizuri. Linganisha mbao mbili za aina na kipimo kimoja. Iliyo nzito zaidi kwa kawaida bado ina maji. Fumba jicho moja uutazame ubao kwa urefu wake ili uone kama umepinda. Ukishanunua, zipange kivulini kwa wiki kadhaa, ukiweka vijiti kati yake ili hewa ipite.

Kwa kabati la jikoni, plaiwudi ya futi 4 kwa 8 yenye unene wa milimita 18 ndiyo chaguo langu, na milimita 6 kwa mgongo wa kabati. Kinachoitofautisha ni gundi, wala usiliamini neno «marini» (yaani inayostahimili maji) lililopigwa muhuri pembeni: omba kipande, ukichemshe kwa saa kadhaa, na matabaka yakiachana, iache dukani. Zile nyeusi zenye ngozi laini zilitengenezwa kwa ajili ya kumwagia zege, na rangi haishiki vizuri juu yake.

MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizosagwa na kushindiliwa kwa gundi, naiweka mwisho. Inafaa rafu ya sebuleni, lakini chini ya sinki huvimba, na ikishavimba hairudi.