Kibana na Elasticsearch kwenye laptopi ya GB 8: nimezijaribu kwa daftari la korosho

Mtwara kuchele! Haya, karibuni tena. Leo niko kibarazani, Shangani, na huo mvumo mnaousikia kwenye maiki ni upepo wa baharini, sina pa kuupeleka. Najua niliahidi kuchambua simu. Simu itasubiri. Kuna kitu kimenikesha usiku tatu, bora nikitoe leo kifuani.

Kinaitwa Kibana. Kazi yake ni kukuchorea data: grafu, ramani, majedwali, dashibodi nzima ukitaka. Ila Kibana peke yake ni kinu kisicho na mchi, haitunzi data zako. Data zinakaa kwa mwenzake, Elasticsearch, ambayo ni injini ya utafutaji iliyotoka mwaka 2010, imejengwa juu ya Lucene, programu ya kutafutia maneno. Unaifungua Kibana kwenye kivinjari, yenyewe inaenda kumuuliza mwenzake, inarudi na jibu inakuchorea. Sasa hao wawili kukubali kuongea, ndiyo habari ya leo.

Kwa nini nimejiingiza huko? Mjomba wangu ni karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha ushirika, upande wa Tandahimba. Mkulima akileta korosho, yeye anapima na kuandika: tarehe, saa, kijiji, daraja, kilo. Msimu ulipoisha akaniletea madaftari mawili yamefungwa kwa kamba ya gunia, akasema, "Mpwa, wewe si ndiye wa kompyuta? Hebu nitazamie humu." Ukishaambiwa hivyo na mjomba huna mjadala. Nimechapa mistari elfu nne na ushee. Majina ya wakulima sikuyachapa kabisa, kwa hiyo hata ukisimamisha video hutaona la mtu.

Tuje kwenye kufunga, yaani kuziweka kwenye mashine. Laptopi yangu ni ya GB 8, ina Ubuntu. Pakua vyote viwili, na hakikisha ni toleo moja, namba zifanane. Kila kimoja kina mamia ya megabaiti, kwa hiyo mimi nilisubiri kifurushi cha usiku. Unafungua faili lililobanwa, unaingia kwenye folda, unawasha Elasticsearch kwanza. Maandishi yatashuka kama mvua ya masika. Usiogope, lakini usiende kupika chai! Kuanzia toleo la 8 ulinzi unawashwa wenyewe, na katikati ya yale maandishi kuna vitu viwili: nenosiri la mtumiaji anayeitwa elastic, na tokeni ndefu ya kuunganishia Kibana. Vinakuja mara ya kwanza tu unapowasha. Mimi nenosiri nililiandika nyuma ya risiti ya vocha. Msicheke, mpaka leo ninayo.

Tokeni inaishi dakika 30. Betri yangu ilishakufa zamani, laptopi inategemea waya. Dakika ya kumi na kitu, umeme huo ukaondoka. Uliporudi, tokeni ilishaoza. Basi usihangaike kufuta kila kitu uanze upya kama nilivyofanya mimi mara ya kwanza, maana ipo amri ya kuomba nyingine, hii hapa kwenye skrini:

bin/elasticsearch-create-enrollment-token -s kibana

Nenosiri nalo likipotea, kuna elasticsearch-reset-password. Ningelijua hilo mapema ningelala.

Ukishapata tokeni, washa Kibana kwenye dirisha jingine la terminali. Itakupa anwani yenye poti 5601, yaani namba ya mlango wake, ifungue kwenye kivinjari, bandika tokeni, ingia kwa lile nenosiri. Elasticsearch yenyewe iko poti 9200, na ukiifungua kwenye kivinjari usiisahau ile https, utaona onyo la cheti. Ni cheti ilichojitengenezea yenyewe, kwa majaribio ya nyumbani halina shida. Kibana ikikuambia seva haijawa tayari, vuta subira dakika mbili tatu. Ikizidi hapo, rudi uangalie kama Elasticsearch iko hai, maana mara nyingi ndiyo iliyolala.

Na kwangu ililala kweli. Elasticsearch inatumia Java, na usipoipangia inajichukulia karibu nusu ya kumbukumbu ya mashine. Juu yake weka Kibana, weka kivinjari chenye vichupo ishirini, na mimi nilikuwa nahariri video hapo hapo. Laptopi ikaganda, feni inalia kama mashine ya kukoboa. Dawa yake ni kwenda folda ya config, ndani yake kuna jvm.options.d, weka faili lenye mistari miwili: -Xms1g na -Xmx1g. GB moja inatosha kabisa kwa mistari elfu nne. Tangu hapo imetulia.

Sasa data. Kama una faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, Kibana ina ukurasa wa kulipakia moja kwa moja, inakusomea safu na kukubashiria aina zake. Tumia huo. Mimi nikajifanya mjuaji nikatuma kwa skripti ya Python, na hapo ndipo nilipopata somo la Kiswahili.

Angalieni hii grafu. Inasema wakulima wengi wamepima saa kumi na moja alfajiri. Mizani gani hiyo inafunguliwa kabla ya jua kuchomoza? Nikampigia mjomba, akacheka mpaka akakohoa. Kilichotokea ni hiki: yeye ameandika "saa 2", yaani saa mbili asubuhi yetu. Mimi nikachapa 02:00. Hilo kosa la kwanza, ilitakiwa 08:00. La pili, sikuandika ni saa za wapi, na Elasticsearch ikiona hivyo inahesabu kuwa ni UTC, saa za kimataifa. Kibana nayo inaonyesha kwa saa za kivinjari chako, sisi tuko mbele masaa matatu, basi 02:00 ikawa 05:00. Makosa mawili yamepishana njiani yakazaa alfajiri. Nimeongeza masaa sita kwa kila mstari na +03:00 mwishoni, mambo yakakaa.

Kilo nazo. Niliziandika kwa mkato, "1,250", na zimefungwa ndani ya alama za nukuu. Ikazipokea kama maneno. Ukiiambia ijumlishe, hiyo safu haikupi hata kuichagua. Na aina ya safu ikishaandikwa haigeuzwi, lazima utengeneze indeksi mpya, yaani ghala jipya la data ndani ya Elasticsearch, uhamishie data. Kwa hiyo safisha namba kabla ya kutuma.

Halafu, jamani, ile ya kuingia Discover, ukurasa wa kutazama data, ukakuta patupu! Data zimefika, umeshatengeneza hiyo wanayoita data view, ya kuiambia Kibana isome indeksi ipi, na bado skrini inakuambia hakuna kitu. Tazama kona ya juu kulia. Inaonyesha dakika 15 zilizopita tu. Korosho za Oktoba huwezi kuzikuta kwenye dakika 15 zilizopita. Panua muda hadi mwaka mzima, zitamiminika.

Nililolipenda kuliko yote ni utafutaji. Kuna kijiji kinaitwa Nanhyanga. Daftarini kimeandikwa Nanhyanga, Nanyanga, na mahali pengine Nanhanga, kwa mkono wa mtu yule yule. Kwenye kisanduku cha kutafutia badilisha lugha iwe Lucene, andika Nanyanga, weka na alama ya wimbi mwishoni, hivi: Nanyanga~. Mnaona? Yote matatu yamekuja, maana inavumilia herufi moja mbili kukosewa. Lakini nenda kwenye grafu ya kilo kwa kijiji: vijiti vitatu, kama vijiji vitatu. Kwenye kutafuta inakusamehe, kwenye kuchora haikusamehi hata nukta. Nilikaa nikasahihisha kwa mkono, jioni nzima, na sahani ya mihogo pembeni.

Kuchora kwenyewe ni raha. Unaingia Lens, sehemu ya Kibana ya kuchorea grafu, unaburuta safu ya kilo, unaburuta tarehe, kijiti kinasimama. Hali ya indeksi ikiwa njano usihofu, inatafuta seva ya pili ya kuweka nakala na wewe unayo moja.

Bei? Toleo la msingi ni bure. Kuhusu leseni, walibadilisha mwaka 2021, hapo ndipo OpenSearch ilipozaliwa kama tawi lake, na 2024 wakaongeza AGPL, leseni ya programu huria. Kwa mimi na wewe wa majaribio haibadilishi kitu.

Je, nakushauri? Kama una daftari moja kama la mjomba, kusema kweli Excel ingemaliza kazi kabla chai haijapoa. Kama una mizani kumi zinazoleta rekodi kila siku, au una seva na unataka kuchimba rekodi za matukio yake (log), hapo weka Kibana, utanishukuru.

Nilimwonyesha mjomba. Hakushangaa rangi. Akaweka kidole kwenye siku moja, kijiti kirefu kuliko vyote, na pembeni yake siku tupu. Mimi nilidhani ni mavuno. Akasema, "Hapana, hapa mizani iliharibika. Siku iliyofuata ndiyo tukapima za siku mbili." Daftari halikuandika hilo popote.

Basi akataka karatasi akabandike kwenye ubao wa chama. Kutoa PDF ya dashibodi kunahitaji kulipia, nikapiga picha ya skrini nikaipeleka steshenari. Printa yao ya nyeusi na nyeupe. Daraja la kwanza na daraja la pili vimetoka kijivu kile kile, na mjomba anakuja kesho kuifuata.