Fusso chini, Collinite juu: miezi mitano kwenye Mark X nyeusi

Jamani gari nyeusi ni mtihani. Mark X yangu ina ile rangi ya Toyota namba 202, nyeusi kavu isiyo na chengachenga, ukiipitishia kitambaa kikavu tu ushaichora. Halafu naishi Kigamboni, kwahiyo asubuhi na jioni ni pantoni, upepo wa chumvi, mchanga, na hawa kunguru wa Dar ambao sijui niliwakosea nini. Nikaona ngoja nijaribu hii habari ya kupiga waksi mbili tofauti, ya chini ya kudumu na ya juu ya kung'aa, maana kila mtu anaisifia ila ukimuuliza ulipima vipi anaanza kukuonyesha picha za jioni jua linazama. Jua likizama hata daladala inapendeza bwana.

Ya chini ni Soft99 Fusso Coat ya miezi 12, ya Mjapani, kopo la gramu 200 na sponji yake, ile ya magari ya rangi za giza (za rangi za mwanga wana kopo lao). Niliagizia kwa jamaa anayeshusha magari. Ya juu ni Collinite 845 ya Mmarekani, ipo kwenye chupa. Hii ina kanauba, yaani nta inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mitende huko kaskazini mashariki mwa Brazili. Kwenye nchi za baridi nasikia wanailoweka chupa kwenye maji moto ndo imiminike, hapa kwetu ukifungua bila kuangalia imeshakumwagikia suruali, mi yalinikuta.

Sasa kwanini Fusso ndo ikae chini? Fusso ni kemikali, inataka kushika kwenye rangi yenyewe, rangi ikiwa safi haina mafuta. Ukitanguliza kanauba umeshaweka grisi, kitu kingine hakishiki hapo, ni kama kubandika plasta kwenye mkono uliopaka mafuta ya nazi. Kanauba yenyewe haina shida, inakaa juu ya chochote.

Basi mwanzoni mwa Desemba nikaosha gari vizuri, nikapitisha ule udongo wa kusafishia rangi, na huo udongo ulivyotoka umebadilika rangi nilishtuka maana gari nilijua safi. Boneti nikaligawa mara nne kwa ile tepu ya karatasi ya mafundi rangi. Pande la kwanza Fusso peke yake, la pili 845 peke yake, la tatu Fusso chini kisha kesho yake 845 juu, la nne nikageuza makusudi, 845 chini Fusso juu. Gari iliyobaki yote nikapiga kama pande la tatu.

Fusso ina harufu kali, kama mafuta ya taa yamechanganywa na kiwi ya viatu, na haitaki jua kabisa. Mimi kwa ujuaji nilianza saa tano asubuhi uani, bati la mlango lina moto, nikapaka mlango mzima kwa mkupuo mmoja, kurudi kufuta imeshaganda kama ugali ulioachwa kwenye sufuria. Nilisugua mpaka bega likauma na mwisho ikabidi nipake tena juu yake ili ilainike, ndo ikatoka. Kesho yake nilianza saa kumi na mbili alfajiri, kipande kidogo kidogo, nyembamba kiasi kwamba unajiuliza kama umepaka kweli, dakika chache unafuta. Hapo ikawa raha. Ukiona waksi yako inaisha haraka ujue unapaka nene, na ile nene yote unaifuta na kitambaa unaitupa, hela hiyo.

Kung'aa sasa. Siku ya kwanza pande la Fusso peke yake lilikua linang'aa kwa ukali, kama kioo. La Fusso na 845 lilikua na weusi wa ndani, kama kahawa kwenye kikombe. Nilimuita mke wangu achague bila kumwambia kipi ni kipi, akaangalia, akasema yote meusi, akaniuliza kama gesi nimeshanunua. Kwahiyo hiyo tofauti ipo ila ni ya mwenye gari na wagonjwa wenzake.

Kwenye maji ndo kuna stori. Ule mwezi wa mwanzo baada ya kupaka mapande yote maji yanasimama shanga shanga, ukiondoa gari yanakimbia yenyewe. Mwishoni mwa Januari pande la 845 peke yake likaanza kuchoka, vitone vinalala. La nne, nililogeuza, lilikua linafanana nalo kabisa, yani ile Fusso ya juu haikushika, nimeipaka bure. La tatu na la kwanza bado moto. Kufika katikati ya Machi masika yanaanza, la tatu na la kwanza ukiniziba macho ukanizungusha siwezi kukwambia lipi ni lipi, manake 845 ilishaondoka zake na Fusso ndo iliyokua inafanya kazi. Saivi mwanzoni mwa Mei boneti imelegea ila bado inafukuza maji, milangoni ambako jua halipigi sana kama boneti iko vizuri mno. Miezi 12 ya kwenye kopo kwa jua la Dar na gari inayolala nje mi siioni, ila mitano kasoro nimeipata na sijalalamika.

Kinyesi cha kunguru bado ni cha kuwahi, waksi inakupa masaa tu haikupi siku. Tofauti ni kwamba zamani nilikua nasugua, saivi namwagia maji kinateleza. Vumbi kwenye 845 wiki ya kwanza linanasa kidogo, watu wa Kigamboni mtanielewa.

Kitu kimoja kiliniuma. Februari nilipeleka gari kuoshwa sehemu fulani, dogo akanipa ofa ya "polishi ya bure", akashika kopo na kuanza kusugua buti. Ile ilikua waksi ya kusafishia, ina msasa ndani, kitambaa chake kikatoka cheusi, rangi yangu hiyo! Nilipopiga kelele nusu ya buti lilikua limeshavuliwa nguo, maji yanatandaa kama kwenye sahani. Sikumlaumu sana, nia ilikua nzuri. Ila ukishaweka makoti yako ya waksi waambie maji na shampuu tu, omo hapana.

Kwa hela yangu Fusso nitanunua tena, koti mbili zake zenyewe, ya pili ni kwa ajili ya kuziba ulipopitiwa, ya tatu na kuendelea unapoteza mchana. 845 sio mbaya, peke yake kwa miezi miwili ni waksi nzuri na inapakika kirahisi kuliko Fusso, ila juu ya Fusso naiweka kukiwa na harusi. Binamu yangu anaoa Juni na ameshaiomba gari, chupa iko kabatini nusu.