Mkanda wa nailoni kwenye kostiki soda ya moto: uzoefu wangu wa mwaka mmoja

Kazi yetu karakanani ni kufungua injini za dizeli. Bloku ya chuma ikishavuliwa kila kitu, tunaitumbukiza kwenye tangi la kostiki soda ya moto ili grisi na masizi vitoke, kisha tunaivuta juu kwa winchi. Mnyororo unachubua sehemu zilizosawazishwa kwa mashine, kwa hiyo tunatumia mikanda ya kitambaa.

Kabla ya huu wa nailoni tulikuwa na wa poliesta, wa tani 2, na haukumaliza hata miezi minne. Ulipokuwa mpya ulikuwa mkavu na mgumu mkononi. Baada ya wiki kadhaa ukawa laini, unateleza kama hariri, nami nikafurahi nikidhani umeanza kuzoea kazi. Kumbe ulikuwa unaliwa. Alkali kali, kama hiyo kostiki soda, humenya uzi wa poliesta kutoka nje kuingia ndani, uzi ukazidi kuwa mwembamba. Viwanda vya nguo hufanya hivyo kwa makusudi ili poliesta ifanane na hariri. Kwenye gauni ni sawa. Kwetu mkanda ulikatika bloku ikiwa imebakiza kama shubiri moja kufika sakafuni. Hakuna aliyeumia, nashukuru Mungu. Niliuokota mwisho uliokatika nikaukwaruza kwa kucha: nyuzi zikakatika zenyewe, vidole vikabaki na unga mweupe.

Kosa lilianzia kwenye rangi, na ningependa kila fundi alijue hili. Mkanda ule ulikuwa wa kijani, nami nilishaambiwa kwamba kijani ni nailoni. Katika kiwango cha Ulaya cha EN 1492, rangi ya kitambaa chenyewe inaonyesha uzito: zambarau tani 1, kijani tani 2, njano tani 3. Aina ya uzi inaonyeshwa na rangi ya lebo: bluu ni poliesta, kijani ni nailoni, kahawia ni polipropilini. Wangu ulikuwa kitambaa cha kijani chenye lebo ya bluu. Lebo sikuwahi hata kuigeuza.

Huu wa sasa una lebo ya kijani, na mwaka mzima kwenye tangi lilelile bado una ukakamavu wake. Kila Ijumaa naukunja sehemu ileile chini ya taa natafuta manyoya, ulaini usio wa kawaida au unga. Sijaona. Nailoni haina ugomvi na alkali. Adui yake ni asidi, kwa hiyo nimepiga marufuku kuupeleka upande wa betri. Tone la asidi ya betri lililozimuliwa linaweza kuonekana si kitu, lakini maji yakikauka asidi inabaki na kuzidi ukali ndani ya uzi, na madhara yanakuja wakati ulishasahau kwamba ilidondoka. Kule tunatumia poliesta, maana yenyewe huvumilia asidi nyingi za aina hiyo.

Kwa joto, nailoni na poliesta zote mwisho wake wa kazi ni nyuzi 100 za Selsiasi. Usidanganyike na habari kwamba nailoni huyeyuka zaidi ya 200. Nguvu huanza kupungua mapema sana kabla ya kuyeyuka, na joto huharakisha kazi ya kemikali. Tangi letu tunaliweka chini ya 80. Polipropilini ingevumilia asidi na alkali zote mbili, ila kikomo chake ni hizo 80 na sikutaka kufanya kazi ukingoni. Niliwaza pia aramidi, ile jamii ya Kevlar, kwa sababu haiyeyuki. Nikaiacha: asidi kali na alkali kali huidhoofisha, na jua pia.

Nailoni ina udhaifu mmoja unaonisumbua. Hunywa maji, na ikilowa nguvu inaweza kupungua hadi asilimia 15. Wetu unalowa kila siku, kwa hiyo nanyanyulia mzigo mdogo kuliko ulioandikwa. Baada ya kazi tunauloweka kwenye maji baridi, tunausuuza tena, kisha unaanikwa kivulini ukauke wenyewe. Kijana mmoja aliwahi kuuweka karibu na hita ili ukauke haraka. Nilimwonyesha kipande cha ule wa poliesta, nimekitundika ukutani, akauondoa bila mimi kusema neno.

Naupa nyota nne kati ya tano. Moja nimeitoa kwa sababu ya lebo: maandishi ya uzito yamefifia kabla mkanda wenyewe haujachoka, na mkanda usiosomeka lebo ni wa kutupwa hata kama nyuzi zake ni nzima. Unaofuata nitauagiza wenye lebo ya pili iliyofichwa ndani ya mshono.