Kisu kidogo cha bei mbaya: hela inaenda wapi?

Weka mezani visu viwili visivyokunjwa. Kimoja ni Mora Companion, kisu cha Sweden chenye mpini wa plastiki na bapa la chuma cha pua aina ya 12C27, unene milimita 2.5. Kingine ni kimojawapo cha hivi vidogo vya kifahari: chuma cha MagnaCut, mpini wa Micarta (tabaka za kitambaa au karatasi zilizogandishwa kwa gundi ngumu), ala ya Kydex, plastiki ngumu iliyoumbwa kwa joto kwa kipimo chake. Bei ya hicho cha pili inaweza kununua Mora kumi. Je, kinalipa? Kwa wanunuzi wengi, hapana. Na pale kinapolipa, sababu huwa si jina la chuma lililochorwa kwenye bapa.

Tuanze na hicho chuma, maana ndicho kinachopigiwa debe. MagnaCut ilibuniwa na Larrin Thomas, mtaalamu wa vyuma wa Marekani, ikaingia sokoni 2021. Ni feleji ya unga. Chuma kilichoyeyuka hupulizwa kwa gesi kikawa chembe ndogo mno, kisha chembe hizo hushindiliwa kwa joto na mgandamizo hadi ziwe pande moja. Faida yake ni kwamba kabidi, yaani zile punje ngumu zinazozuia makali yasilike haraka, hubaki ndogo na kutawanyika sawasawa. Ina kaboni kama asilimia 1.15, kromiamu 10.7, vanadiamu 4 na niobiamu 2. Kromiamu hiyo inaonekana haba kwa chuma cha pua, lakini karibu yote imebaki huru ndani ya chuma badala ya kunaswa kwenye kabidi, na ndiyo inayokifanya kistahimili jasho na maji ya chumvi vizuri sana.

Chuma kizuri, hakuna ubishi. Sasa pima. Kipande cha milimita 180 kwa 30 kwa 3, kabla hakijasagwa, ni kama gramu 126. Hata kama feleji hii ni ghali mara kadhaa kuliko chuma cha kawaida cha kaboni kama 1095, gramu 126 haziwezi kueleza pengo la mara kumi. Hela inaenda kwenye mikanda ya msasa inayokwisha upesi kwa sababu ya vanadiamu, saa za fundi, tanuri, ala, na jina la mtengenezaji.

Tanuri ndiyo sehemu ya kwanza inayostahili kulipiwa. 1095 mhunzi mwenye uzoefu anaiweza: joto la nyuzi 800 hivi za Selsiasi, kuizamisha kwenye mafuta, kisha kuirudisha motoni taratibu kwenye nyuzi 200 hivi ili isivunjike kirahisi. MagnaCut inataka karibu nyuzi 1,120 pasipo hewa kuigusa, kupozwa haraka, kuzamishwa kwenye baridi kali (naitrojeni ya kimiminika ni nyuzi 196 chini ya sifuri), halafu kurudishwa kwenye joto dogo mara mbili. Ikifanywa vizuri, ugumu unafika 62 hadi 64 kwenye kipimo cha Rockwell. Ikifanywa kwa tahadhari ya kupita kiasi inaishia 59 au 60, na hapo umelipia jina tu. Mtengenezaji asiyetaja namba hiyo muulize. Akikujibu kwa maneno matamu bila tarakimu, rudisha hela mfukoni.

Lakini sehemu inayoamua kama kisu kidogo kinakata au kinasukuma tu ni umbo la bapa, na hapa visu vingi vya bei ya juu vinaaibisha. Bapa la urefu wa milimita 70 halina sababu ya kuwa na mgongo wa milimita 4. Hutalipigia nyundo lipasue kuni, ni fupi mno kwa kazi hiyo. Unene huo unafanya kisu kionekane cha shoka kwenye picha, basi. Ukikata katoni nene, makali yanaingia kisha mabega ya bapa yanakwama, na mkono unachoka mapema. Mgongo wa milimita 2.5 hadi 3 unatosha kabisa.

Chukua kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, upime unene wa chuma juu kidogo ya makali, pale mteremko wa mwisho unapoanzia. Milimita 0.25 hadi 0.4 ni kisu cha kukatia. Ikifika 0.5 bado inavumilika kwa mtu mwenye mkono mzito. Ikipita 0.6 kwenye kisu cha ukubwa huu, umenunua kabari, na haijalishi imetengenezwa kwa feleji gani. Kipimo hiki kimoja kina thamani kuliko karatasi yote ya sifa inayokuja na boksi, na ajabu ni kwamba watengenezaji wachache ndio wanaokiandika.

Angalia pia pale makali yanapokutana na mpini. Baadhi ya visu hivi vina pengo la kuingiza kidole cha shahada mbele ya mpini. Kwenye bapa refu ni sawa. Kwenye bapa la milimita 70 pengo hilo linakula sentimita nzima au zaidi ya makali uliyolipia, tena ile sehemu ya karibu na mkono yenye nguvu kuliko zote. Kikato kidogo cha kurahisisha kunoa, pale makali yanapoanzia, nacho hunasa kamba kila unapovuta.

Mpini tusiuchoshe. Upana wa kiganja cha mtu mzima ni milimita 80 hadi 90, kwa hiyo mpini wa 75 unaacha kidole cha mwisho kikielea. Ni sawa kwa kufungua maboksi, si kwa kuchonga mti nusu saa. Vibao vya mpini vikifungwa kwa skurubu unaweza kuvitoa, ukausha na kupaka mafuta chini yake. Vikigandishwa kwa gundi, pitisha ukucha kwenye maungio yote: ukinasa popote, maji nayo yatapita hapo. Kwa MagnaCut si tatizo kubwa. Kwa 1095 ndipo kutu hujificha, na hutaiona mpaka kibao kianze kunyanyuka.

Ala ijaribiwe kabla ya kulipa. Igeuze kichwa chini na kuitikisa kwa nguvu, kisu kisichomoke. Kisha kichomoe polepole ukisikiliza: ukisikia makali yakikwaruza plastiki, kila mchomo unayabutua. Kydex iliyobana sana hurekebishwa kwa hewa ya moto, lakini kisu cha bei hii hakipaswi kukupa kazi hiyo. Pawe na tundu chini la kutolea maji na mchanga. Ala ya ngozi inapendeza, ila usihifadhi kisu ndani yake, hasa cha chuma cha kaboni, kwani ngozi hushika unyevu.

Kuhusu kunoa, wauzaji hunyamaza. Kabidi za vanadiamu ni ngumu kuliko aluminiamu oksidi iliyomo kwenye vinoo vingi vya kawaida. Kinoo hicho kitanoa, ila kwa kuchelewa, na mwisho wake makali huwa laini bila kung'ata. Ongeza kwenye bajeti kinoo cha almasi chenye pande mbili, wa kukwaruza (namba 400) na laini (1,000). Kwa bapa la upana wa milimita 25, kuinua mgongo milimita 6.5 kutoka kwenye kinoo kunakupa nyuzi 15 kila upande. Paka makali wino wa maka pen, piga mara tatu, uangalie: wino ukitoka juu tu, inua zaidi, ukitoka ukingoni tu, shusha. Noa upande mmoja mpaka uhisi ukingo wa chuma ukijikunja upande wa pili kuanzia mwanzo wa bapa hadi nchani, ndipo ugeuze. Malizia kwa ngozi iliyopakwa unga laini wa almasi. Kisha elekeza makali juu chini ya taa. Makali yaliyokamilika hayaonekani kabisa. Palipobutuka panameta kama nukta nyeupe.

Kisu kipya kikimeguka vijino vidogo siku za mwanzo, usikihukumu papo hapo. Mkanda wa msasa kiwandani huweza kuunguza ukingo wa makali, na chuma kizima kiko nyuma yake. Kinoe mara mbili au tatu. Kikiendelea kumeguka kwa kazi za kawaida, kasoro iko kwenye tanuri, na hapo dai udhamini.

Nani anunue, basi? Anayefanya kazi majini au kwenye chumvi kila siku, anayekata kamba na katoni kutwa nzima bila nafasi ya kunoa, na ambaye tayari anajua kunoa kwa almasi. Huyo atafaidi, mradi kalipa isome chini ya 0.4. Anayetaka kisu kigumu kisichodai matunzo mengi achukue cha 12C27, au 14C28N, chuma kingine cha pua cha Sweden: kitabutuka mapema zaidi, lakini dakika tano za kinoo cha kawaida zinakirudisha. Na anayetaka cha kifahari kwa sababu kinapendeza mkononi, anunue tu bila kujitetea kwa habari za feleji. Ila kikiwa na mgongo wa milimita 4, ampelekee fundi wa kusaga akipunguze, kwa maji baridi mwanzo hadi mwisho, na kama vidole vinashindwa kuvumilia joto la bapa, kazi isimame hapo hapo.