Koilova za MX-5 yangu: kliki 32 zilivyonidanganya

Koilova, yaani seti ya shokapu na springi inayokuruhusu kurekebisha kimo cha gari, zangu za kwanza nilizichagua kwa picha. Gari kwenye picha lilikuwa limelala chini, tairi imejaa vizuri ndani ya madigadi, na boksi limeandikwa ngazi (kliki) 32 za kurekebisha ugumu wa shokapu. Nikajiambia, ngazi zote hizo, nitakosaje moja inayonifaa?

Gari lenyewe ni Mazda MX-5 ya kizazi cha pili, ile ya 1998 hadi 2005 ambayo taa zake haziinuki. Lina uzito wa tani moja na kidogo, na kila gurudumu limeshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini. Ni gari linaloonyesha haraka sana kama umelifanyia jambo la busara au la kijinga. Mimi nilianza na la kijinga.

Shokapu za kiwandani zilikuwa zimechoka, hilo sikatai. Gari lilikuwa likiyumba kwenye kona ndefu na kuitikia mara mbili kila likipita bonde. Lakini nilipozifungua niliona jambo ambalo lingenipa akili kama ningekuwa makini: ile raba ya povu inayokaa kwenye fimbo ya shokapu ili chuma kisigonge chuma ilikuwa imesagika, imebaki vumbi. Bushi nazo, zile raba za viungo vya mikono, zilikuwa na nyufa. Yaani nilikuwa nalaumu saspensheni ya Mazda wakati nilichokuwa naendesha ni mabaki yake. Kama gari lako liko hivyo, badilisha vitu hivyo kwanza ujue gari lilivyokusudiwa kuwa. Huenda ukaridhika ukaishia hapo.

Basi, seti ya kwanza. Sitaitaja jina, kwa sababu kosa kubwa lilikuwa langu. Springi zilikuwa za kilo 10 kwa milimita mbele (yaani kila kilo 10 zinaibonyeza milimita moja) na 8 nyuma. Siku ya kwanza nilifurahi kama mtoto. Gari halikulala kwenye kona hata kidogo, usukani ukawa mkali. Siku ya tatu mke wangu akaniuliza kama nimesahau kukaza kitu. Kwenye lami laini lilikuwa zuri. Kwenye lami yenye viraka lilikuwa linaruka badala ya kukanyaga. Unaingia kona, unakuta kiraka katikati, na mkia unasogea pembeni kama nusu tairi. Hapo ndipo nilipoanza kuzungusha vinobu vya kurekebishia ugumu wa shokapu.

Nilizungusha sana. Nikilegeza, gari lilikuwa linadunda kama mpira. Nikikaza, lilikuwa linagonga. Nikakaza hadi mwisho kwa kuamini kwamba gari la michezo lazima liwe hivyo, na hapo likawa baya kuliko siku zote. Baadaye ndipo nilielewa sababu. Kinobu cha seti nyingi za aina ile kinashika zaidi mwendo wa kurudi, yaani fimbo inapotoka nje baada ya kubonyea. Ukiukaza kupita kiasi, springi haipati muda wa kunyooka kabla ya shimo linalofuata, kwa hiyo kwenye mfululizo wa mashimo gari linazidi kuzama kidogo kidogo hadi linakaa juu ya raba. Unadhani umepata ugumu, kumbe umeishiwa nafasi.

Kilichonifumbua macho ni kamba ya plastiki ya kufungia nyaya. Unaifunga kwenye fimbo ya shokapu, inayobana kiasi cha kutosogea yenyewe, unaisukuma hadi ikae juu ya ganda, yaani mwili wa shokapu ambamo fimbo inaingia, kisha unaendesha safari yako ya kawaida. Ukirudi, inakuonyesha shokapu ilibonyea hadi wapi. Kwangu mbele ilikuwa imebanwa kwenye raba. Sikuwa nimeenda uwanja wa mashindano. Nilikuwa nimeenda dukani. Nilipoinua, nikapima na kufanya hesabu, nikakuta kwamba gari likiwa limesimama palepale, kati ya ganda na raba pana mm 18 tu.

Hapa kuna hesabu ambayo ningetamani mtu angenikalisha chini anifundishe. Kwenye MX-5 shokapu haikai juu ya gurudumu. Imejishikiza kwenye mkono wa chini, ndani kidogo. Tuseme gurudumu likipanda mm 10, shokapu inabonyea mm 7. Basi nguvu ya springi inayofika kwenye gurudumu ni 0.7 mara 0.7, karibu nusu, kwa sababu unapoteza mara mbili: kwenye nguvu na kwenye umbali. Ndiyo maana springi ya kilo 6 kwenye gari hili si kali kama kilo 6 kwenye gari ambalo shokapu yake inasimama karibu na gurudumu. Mtu akikwambia ana kilo 8 na anaendesha bila shida, muulize kwanza ni gari gani.

Kwa hiyo zile kilo 10 zangu zilikuwa kama 5 kwenye gurudumu, ambazo kwa gari jepesi hivi bado ni nyingi. Lakini tatizo kubwa lilikuwa zile mm 18. Gari lilikuwa limeshushwa mno, na likiegemea raba ugumu unaruka ghafla, mara nyingi upande mmoja kabla ya mwingine. Ule mkia uliokuwa unasogea katikati ya kona ndio huo. Hakuna kliki inayotibu jambo hilo.

Baada ya miezi minane shokapu moja ya nyuma ikaanza kutoa mafuta. Sikusikitika.

Mara ya pili sikutazama picha. Nilijiuliza maswali mawili tu: nitabaki na nafasi kiasi gani kwenye kimo ninachotaka, na springi zimechaguliwa na nani kwa kazi gani. Maswali hayo yanafuta nusu ya orodha. Bilstein B14 haina kinobu chochote, unarekebisha kimo tu, na kwa mtu asiyependa kuchezea vitu nadhani ni uamuzi wa heshima: wao wamekwisha kuamua, wewe endesha. Öhlins Road & Track ina kinobu kimoja. BC Racing BR ina ngazi 30 na unaweza kushusha gari kwa kuzungusha sehemu ya chini ya ganda bila kugusa springi, jambo linalosaidia kubakiza mwendo wa shokapu. KW wana Variant 1 isiyorekebishwa ugumu, Variant 2 yenye kurekebisha mwendo wa kurudi, na Variant 3 inayotenganisha kubonyea na kurudi.

Niliishia kwenye Variant 3. Mtu atasema baada ya kulalamikia vinobu nimenunua vinobu viwili. Ni kweli. Lakini hapa kila kimoja kina kazi yake, na springi zake ni laini kuliko zile za kwanza kwa mbali. Ganda ni la chuma kisichoshika kutu, na mimi niliyewahi kupigana na nati iliyoganda kwenye nyuzi naona hilo si pambo.

Kuzifunga kulichukua siku mbili, na siku moja yote ilikuwa ya bolti. Wenye gari hili wanaijua ile bolti ndefu ya mkono wa juu mbele. Ukiitoa, kazi inakuwa nyepesi, ikikataa unatafuta mtu mwenye uzito wa kusimama juu ya mkono wa chini. Mbaya zaidi ni bolti za kurekebishia pembe za magurudumu kwenye mikono ya chini. Zikiganda ndani ya bushi, hutapata alaimenti sahihi hata ununue koilova za dhahabu. Mbili zangu zilikatwa. Nunua mpya kabla hujaanza, pamoja na bushi, raba na mauntingi za juu, yaani vishikizo vinavyoshika shokapu kwenye bodi. Wenye kizazi cha kwanza wana sababu ya ziada: mauntingi za juu za kizazi cha pili zinaongeza nafasi ya shokapu kusafiri, na wengi huzihamishia kwenye magari yao.

Jambo moja fundi wangu alitaka kuliruka, tukabishana kidogo. Bolti za bushi za raba hazikazwi gari likiwa juu ya jeki. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, bushi inabaki imesokotwa kila siku gari likiwa chini, inafanya kazi ya springi ya pili na kuchanika mapema. Zikaze magurudumu yakiwa yamebeba uzito. Fundi akaniambia amefanya kazi miaka ishirini bila mambo hayo. Nikamwambia shikamoo, lakini za kwangu tushushe kwanza.

Kimo niliweka mm 335 mbele na mm 340 nyuma, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Si chini sana. Wapenda picha watasema tairi haijajaa. Ukizungusha kikombe cha springi, kile springi inachokalia, kwenda juu usidhani unaongeza ugumu wa springi. Unainua gari tu, springi ni ileile. Nilisumbuka wiki nzima na imani hiyo wakati wa seti ya kwanza. Kisha nikaendesha siku kadhaa springi zikae, nikapima tena, ndipo nikaenda alaimenti. Ukitangulia alaimenti, utalipa mara mbili, maana kila unaposhusha gari hili magurudumu yanainamia ndani zaidi kwa juu.

Vinobu nilianza vyote viwili vikiwa vimelegezwa kabisa, nikaongeza cha kurudi kliki mbilimbili kwenye barabara ileile, asubuhi ileile, hadi gari likaacha kuelea baada ya bonde. Nilipoona limeanza kuwa kavu nikarudi moja. Kubonyea niliongeza kidogo tu mbele. Tangu hapo sijagusa, isipokuwa siku niliyoenda uwanjani, ambapo kliki mbili za ziada zilitosha.

Sasa likoje? Kwenye kona linalala zaidi kidogo kuliko lilivyokuwa kwenye seti ya kwanza, na linakwenda kasi zaidi, kwa sababu tairi inabaki chini. Kiraka cha katikati ya kona nakisikia kwenye usukani lakini mkia hauendi popote. Matuta makubwa bado yanataka mwendo wa pole. Ukitaka gari lililolala hadi vidole visipite kati ya tairi na madigadi, seti hii haikufai, kwani inashushwa kwa kikombe cha springi na kila unaposhusha unakula nafasi. Mke wangu alikaa safari nzima bila kuuliza kitu, na baadaye nikagundua alikuwa amelala.

Ile kamba ya plastiki bado iko kwenye fimbo. Inagusa raba kwenye tuta, si barabarani.

Seti ya kwanza ipo stoo. Kijana mmoja alikuja kuitazama, akahesabu kliki zote 32 kwa sauti, akauliza kama naweza kumpunguzia. Nilimwambia alete gari lake kwanza tupime nafasi. Hajarudi.